Badiliko la Ngapi, Si la Saa Ngapi

Barua pepe ikishafika, maneno yake hayabadiliki tena. Kinachobadilika ni yale tunayoyaandika juu yake: kwamba imesomwa, imejibiwa, imepewa lebo ya kazi au ya familia, imefutwa. Programu kama Notmuch, aliyoianzisha Carl Worth mwaka 2009, huweka taarifa hizo katika hifadhidata ya faharasa, ndiyo maana mtu hutafuta neno moja ndani ya barua laki mbili akalipata papo hapo. Shida huanza mwenye barua anapokuwa na kompyuta mbili, ya kazini na ya nyumbani, kila moja na hifadhidata yake. Mchana amebadilisha lebo za barua kumi na moja. Jioni kompyuta ya nyumbani itazijuaje hizo kumi na moja bila kupekua laki mbili zote?

Wengi hukimbilia saa: kila badiliko lipigwe muhuri wa wakati, kisha tuulize yaliyotokea tangu tulipowasiliana mara ya mwisho. Njia hii hukosea kimyakimya. Tuseme usawazishaji unasoma orodha saa 2:00:05 usiku, na ndani ya sekunde hiyohiyo, orodha ikiwa imeshasomwa, badiliko jingine linaandikwa. Programu inajiwekea kumbukumbu kuwa imefika 2:00:05, na safari ijayo inaomba yaliyofuata baada ya hapo. Badiliko lile halitaombwa tena kamwe, wala hakuna ujumbe wa hitilafu utakaoonekana. Mtu atasema saa za siku hizi hurekebishwa kupitia mtandao, kwa hiyo hazikosei. Lakini marekebisho hayohayo ndiyo yanayoweza kuirudisha saa nyuma, na badiliko la baadaye likapata muhuri wa mapema kuliko lililolitangulia. Isitoshe, saa ingekuwa sahihi kiasi gani, hapa tunachohitaji ni mfuatano tu: lipi limetangulia, lipi limefuata. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba mfuatano wa matukio kati ya kompyuta unaweza kujengwa kwa namba zinazopanda tu, bila kuitegemea saa ya ukutani.

Notmuch ilichukua njia ya namba katika toleo la 0.21, mwaka 2015. Hifadhidata nzima ina namba moja inayopanda kila inapobadilishwa, na kila barua hubeba namba ya badiliko lake la mwisho. Ni kazi ya masjala: karani hahitaji kujua waraka uliingia saa ngapi, anatazama namba ya folio. Kompyuta iliyoishia 4812 inaomba «lastmod:4813..» na kupewa barua zilizoguswa baada ya hapo, basi. Barua iliyobadilishwa mara tano itatokea mara moja tu, ikiwa na namba mpya kabisa, na nne za kabla zimepotea. Kwangu huo si upungufu. Msawazishaji anataka hali ya sasa ya barua, hana haja na historia yake, na gharama yote ni namba moja kwa kila barua. Seva za IMAP, itifaki ya kusomea barua zilizo kwenye seva, zilipata utaratibu wa namna hiyohiyo mwaka 2006.

Hata hivyo namba pekee ni hatari. Hifadhidata ikiharibika na kujengwa upya kutoka kwenye mafaili, hesabu inaanza tena, na 4812 ya leo haihusiani kabisa na 4812 ya juzi. Ndiyo maana Notmuch hutoa namba pamoja na kitambulisho cha hifadhidata yenyewe: kitambulisho kikiwa tofauti, namba ya zamani itupwe. Anayeandika skripti ya kusawazisha akahifadhi namba bila kitambulisho amejitegea mtego. Tena kitambulisho hakizibi kila tundu, kwa sababu nakala ya akiba iliyorudishwa kwa kunakili mafaili huja nacho kilekile huku namba zikiwa zimerudi nyuma. Namba ya sasa ikiwa ndogo kuliko uliyoikumbuka, simama hapohapo.

Je, ikiwa pande zote mbili zinabadilisha? Kila upande una namba zake, na hazilinganishwi. Muchsync ya David Mazières hushughulikia hilo kwa kuunganisha namba na jina la kompyuta ilikotoka, kila upande ukijua umefikia wapi kwa kila mwenzake.

Kigumu kuliko vyote ni kufuta. Barua iliyoondolewa haina mahali pa kubebea namba. Ukiomba yaliyobadilika baada ya 4812, haitajwi. Kompyuta ya pili bado inayo, na isipotahadhari itaona mwenzake hana, itadhani ni mpya, itairudisha. Mtu anafuta barua leo, kesho anaikuta. Kwa hiyo kufuta lazima kuache alama. Watumiaji wengi wa Notmuch huipa barua lebo ya kufutwa, faili likibaki hadi pande zote ziione. Hilo ni badiliko la kawaida na namba inalibeba. Nyongeza ya IMAP ya mwaka 2008 iliiwezesha seva kumtajia mteja barua zilizotoweka akiwa hayupo, na JMAP, itifaki nyingine ya barua iliyotoka mwaka 2019, hujibu kwa orodha tatu: zilizoongezwa, zilizobadilika, zilizoondolewa. Mtu atauliza, alama hizo zitunzwe hadi lini? Milele haiwezekani, na kompyuta inaweza kukaa mwaka mzima bila kuwashwa. JMAP inairuhusu seva kukiri kwamba haiwezi kukokotoa mabadiliko tangu hapo ulipoishia, na mimi naona kukiri huko kuna thamani kuliko jibu la haraka lililopungua. Mteja akiambiwa hivyo, anaacha namba na kulinganisha barua zote laki mbili, moja baada ya nyingine, kwa vitambulisho vyake. Wapo wanaotaka ulinganisho huo ufanywe kila mara ili tuachane na namba kabisa. Kwa barua mia tano sina pingamizi. Kwa laki mbili, kila baada ya dakika tano, kwenye simu inayolipia bando, huo ni mzigo usiobebeka. Wakati wake ni pale namba zinapokosa jibu.