Msimamizi wa mirathi si mrithi wa yote

Ndugu msikilizaji, juzi nilihudhuria kuanua matanga kwa jirani. Wazee walikaa kikao cha ukoo, wakamchagua mdogo wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Kabla jua halijazama, bwana yule alikwisha chukua kitabu cha kodi za wapangaji, na mjane akaambiwa asubiri. Sidhani kama ni mwizi. Naamini hakujua ni kazi gani aliyopewa, na wengi wetu hatujui.

Kwanza, hapa Tanzania kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Muhtasari wa kikao na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo barua ya usimamizi hutolewa. Hata aliyetajwa katika wosia sharti athibitishwe na mahakama kwanza.

Pili, kazi zenyewe zina mpangilio. Msimamizi hukusanya mali yote ya marehemu: nyumba, shamba, fedha za benki, na hata madeni ambayo marehemu alikuwa akiwadai watu. Kisha hulipa madeni aliyoacha marehemu na gharama za usimamizi. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa warithi. Anayegawa kabla ya kulipa madeni huwatia warithi matatani, maana wadai watakuja tu.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, ni hesabu. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha kamili ya mali na madeni katika miezi 4. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu hupeleka orodha katika miezi 6 na hesabu katika mwaka 1. Mahakama yaweza kumwongezea muda, lakini haiwezi kumsamehe hesabu. Kwa hiyo kodi ya kila chumba, tangu siku ya kwanza, iandikwe na stakabadhi itunzwe. Akiitumia vibaya mali hiyo au kuitia hasara, atailipa yeye mwenyewe.

Kumbe basi, usimamizi si zawadi wala cheo. Ni mzigo wa amana, na hauna maana kwamba mali imekuwa yake. Kama naye ni mrithi, atapata fungu lake kama wenzake.

Nawe mjane, nawe kijana uliyefiwa na mzazi, usione haya kuuliza. Uliza barua ilitolewa lini na mahakama gani, kisha hesabu miezi. Muda ukipita kimya, nenda mahakama ile ile ukaeleze. Ina uwezo wa kumwita msimamizi ajieleze, na hata kumwondoa akateuliwa mwingine. Nenda mapema, nyumba ingali yenu. Ikishauzwa, kesi huwa ndefu na watoto hulala kwa watu.

Kwa leo naishia hapo.