Dawa Inayokosa Jina Dukani

Jumamosi moja usiku, katika duka la dawa karibu na chuo ninakofundisha, nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa akiwapisha wateja wote waliomfuata. Alitaka kunipisha nami, nikakataa. Ndipo alipoinama akanong'ona, "Daktari, naomba ile dawa."

"Dawa ipi?"

"Ile ya... ya Ukimwi."

Kina mama wawili waliokuwa wameketi kwenye benchi waligeuka. Kijana akatoka mikono mitupu.

Sidhani alitaka tiba. Nadhani alitaka kinga. Tangu mwaka 2017 serikali imekuwa ikitoa PrEP kote nchini, kidonge kimezwacho kila siku na mtu asiye na virusi lakini aliye katika hatari ya kuambukizwa. Ipo pia PEP, ambayo humezwa kwa siku 28 baada ya tukio la hatari, almuradi ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Herufi moja tu ndiyo inayozitenga, na hata mimi ninayelipwa mshahara kwa ajili ya herufi huzichanganya.

Saa 72 si nyingi. Aliyepasukiwa na kondomu Ijumaa usiku, akingojea kliniki ifunguliwe Jumatatu, amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya muda huo. Aidha, kliniki yenyewe aghalabu ni ile wanayochukulia dawa wanaoishi na virusi. Ukionekana kwenye foleni hiyo, nani atakayesadiki kwamba umefuata kinga? Duka la dawa halina foleni ya namna hiyo, na taa zake huwaka hadi usiku.

Majaribio ya kutoa PrEP katika maduka ya kibinafsi yalianza Kisumu na Thika mwaka 2020. Mteja alihojiwa, akapimwa, kisha akapewa dawa. Huduma alilipia shilingi 300. Wanaohofia utaratibu huu wana hoja nzito. Mtu akiwa tayari na virusi, kidonge cha PrEP pekee hakitoshi kumtibu, na virusi vyake vyaweza kuwa sugu. Kwa hiyo kipimo ni lazima, na penye kipimo sharti pawe na faragha, ijapokuwa ya pazia tu.

Hata hivyo, kabla ya kufika kwenye pazia mteja hana budi kutamka neno. Wanafunzi hununua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa sababu jina hilo fupi halitaji tendo wala hofu. Kwa bahati mbaya, P2 haizuii virusi. Napendekeza kila duka lililoidhinishwa liweke kadi mezani iliyoandikwa "Kidonge cha kinga", ili mteja aiguse kwa kidole bila kusema lolote. ("Kinga" peke yake haifai, kondomu imeshalitwaa neno hilo.)

Usiku ule nilimfuata kijana hadi barabarani, nikamkosa. Niliporudi, mhudumu aliniuliza nilihitaji nini. Nilisema kwa sauti kwamba nataka dawa ya kikohozi, nikapewa papo hapo.