Mwache Ajaribu: Michezo Inayomsaidia Mtoto Kusimama Imara

Kliniki, akina mama wengi huniambia: "Nesi, huyu akisimama tu anaanguka, bora nimbebe." Hofu hiyo naielewa. Lakini mtoto wa mwaka 1 hadi 3 hujifunza kusimama imara kwa kuyumba, kuanguka na kuinuka tena. Kazi yetu ni kuhakikisha akianguka haumii.

Mwili hujisawazishaje?
Ubongo hupokea taarifa kutoka kwenye macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na misuli na viungo. Mtoto anapocheza, ubongo hujifunza kuziunganisha taarifa hizo.

Michezo ya nyumbani
- Atembee peku kwenye mkeka, mchanga au nyasi safi.
- Asukume kiti cha plastiki.
- Achuchumae kuokota vikombe vya plastiki na kuvitia kwenye beseni.
- Akifikia miaka 2, apige teke mpira wa matambara.
- Akikaribia miaka 3, afuate mstari uliochorwa chini, kisha ajaribu kusimama kwa mguu mmoja huku umemshika mkono.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri huu apate angalau dakika 180 za kucheza na kujongea kwa siku, zikigawanywa kutwa nzima. Pia asifungwe mgongoni au kwenye kiti zaidi ya saa 1 mfululizo.

Usalama kwanza
Ondoa jiko, maji ya moto na vitu vyenye ncha kali. Funika ndoo na mapipa ya maji. Mtu mzima awe karibu muda wote. Kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea hakimharakishi mtoto, na kinaweza kumfikisha kwenye moto au ngazi kabla hujamkimbilia. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004.

Mpeleke kituo cha afya iwapo:
- Ametimiza miezi 18 na bado hatembei mwenyewe.
- Anatumia zaidi upande mmoja wa mwili.
- Anatembea kwa ncha za vidole kila mara.
- Ameacha kufanya jambo alilokuwa akiliweza, au ameanza kuanguka kuliko zamani.

Ukiambiwa "huyu ni mzito tu, atatembea", usikae kusubiri. Tatizo likigundulika mapema, mazoezi na matibabu humsaidia mtoto zaidi.