Uchangamfu si kipimo cha sonona

Malori yanayoshuka mlima Sekenke yakitoka Singida hupita Shelui kabla ya kushika njia ya Igunga na Nzega, na wengi katika mji huu wa wilaya ya Iramba wanaishi kwa wapita njia hao. Mama anayeuza wali na maharage kando ya barabara hauzi chakula peke yake. Dereva ana haraka na vibanda ni vingi, kwa hiyo ataketi pale anapokaribishwa kwa bashasha: “Karibu kaka, cha moto kipo!” Siku mama huyo akinuna, wateja wanahamia kwa jirani. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege ambao kutabasamu ni sehemu ya ajira yao, akaonyesha kuwa uchangamfu wa namna hiyo ni kazi, tena kazi inayochosha. Tukilikubali hilo, hatuwezi kumtazama usoni mtu aliye kazini tukadai tumeiona hali ya nafsi yake. Lakini ndivyo tunavyofanya. Mtu akijidhuru, neno la kwanza msibani ni kwamba jana tu tulikuwa tunacheka naye.

Vigezo vinavyotumiwa na madaktari kutambua sonona havidai machozi wala uso uliokunjamana. Vinauliza kama kwa majuma mawili au zaidi mtu amekuwa na huzuni karibu kila siku, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Kisha vinatazama usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu, umakini na mawazo ya kifo. Hakuna ugonjwa rasmi uitwao sonona ya tabasamu. Hata hivyo, kuna aina ya sonona ambayo mgonjwa huchangamka kweli anapopata jambo la kumfurahisha, kisha hurudi chini. Kicheko chake si cha uongo, na bado anaumwa. Wapo pia wanaoficha kwa makusudi, na kuficha kuna gharama. Katika miaka ya 1990 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha, wakawaomba baadhi yao wasionyeshe hisia yoyote. Nyuso zilitulia, lakini huzuni haikupungua, na vipimo vya mwili vilionyesha kuwa mfumo wa fahamu unafanya kazi ya ziada.

Uso ukinyamaza, mara nyingi mwili ndio unaosema. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 14, uliochapishwa mwaka 1999, uliwachunguza wagonjwa wa sonona waliofika kwenye huduma za kawaida za afya: asilimia 69 walieleza dalili za mwili tu kuwa sababu ya kuja. Katika mji wenye malaria ya kweli ni rahisi kuelewa kinachofuata. Kichwa kinauma, mwili umechoka, kipimo hakionyeshi vimelea, mgonjwa anapewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa. Juma la tatu amerudi. Swali ambalo lingefungua mlango ni dogo: “Mama, usingizi unaupata? Ukiamka saa tisa usiku, unalala tena?” Na baada yake: “Ile kwaya uliyokuwa unaipenda, bado inakupa raha?”

Wapo watakaosema kwamba kwa njia hii kila mwenye mawazo atageuzwa mgonjwa. Mvua imekataa, mtaji umekatika, duara la dhahabu limechimbwa miezi halina kitu: nani asiwe na mawazo? Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana vigezo vinadai muda na vinatazama kama maisha ya kila siku yameharibika. Lakini inakosea inapodhani kuwa sonona ya maskini ni umaskini tu. Katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha majonzi makubwa, Paul Bolton na wenzake walijaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi, mara moja kwa juma kwa majuma 16. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba, baada ya tiba, asilimia 6.5 ya washiriki bado walitimiza vigezo vya sonona, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasioipata. Umaskini ulikuwa palepale. Tena vikundi viliongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili, kwa hiyo hata kisingizio cha uhaba wa madaktari wa akili kinapungua nguvu.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la stara. Tumelelewa kutotoa mambo ya nyumbani nje, na siwezi kumwomba mama wa kibandani aache bashasha inayomsomesha mtoto. Anayepaswa kubadilika ni anayeuliza: aulize faragha, ataje usingizi na raha, asiishie kwenye “habari za kazi” ambayo jibu lake ni “nzuri” hata nyumba ikiungua. Asiogope pia kuuliza kuhusu kujiua. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo hilo. Linalozidisha ukimya ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu anayejua hilo ana sababu moja zaidi ya kutabasamu mbele ya mganga. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu cha nchi hiyo kinachofanana nacho kuwa kinyume cha katiba mwezi Januari 2025. Chetu nacho kiondolewe. Lakini hatuna haja ya kulisubiri Bunge ili kuanza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wanaingia nyumbani kwa watu, mbali na wateja na wapita njia. Maswali yale mawili, la usingizi na la raha, yaingizwe katika kila ziara yao, na jibu la kutia wasiwasi liwe na zahanati ya kulipokea.