Habari za Okidi Ndogo na Jinsi ya Kuzitunza Nyumbani

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za mimea midogo ikaayo juu ya miti, nayo jina lake ni okidi. Mtu apitaye katika mashamba ya Kisiba, karibu na Ziwa Masoko, aweza kuiona kila siku asiijali: kishada cha majani kimeshika tawi la mti wa kale, au mizizi myeupe kama nyuzi imetambaa juu ya gome. Wako waikwanguao na kuitupa motoni, maana hudhani kwamba yaunyonya mti. Sisi twapenda kuonyesha ya kuwa dhana hiyo si kweli, na ya kuwa mimea hiyo yaweza kutunzwa nyumbani kwa kazi kidogo. Tena twapenda kueleza kwa nini yafaa kuiokoa.

Okidi si kirukia

Kwanza na tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kirukia huota juu ya tawi, kikapenyeza mzizi wake ndani ya mti na kunyonya maji yake, hata tawi lile likadhoofika. Okidi haifanyi hivyo. Mzizi wake hushika gome kwa nje tu, kama mkwezi ashikavyo mnazi. Chakula chake hukitengeneza yenyewe kwa majani yake na mwanga wa jua. Maji huyapata katika mvua na ukungu, na rutuba kidogo huipata katika vumbi na majani yaliyooza juu ya gome. Mti ni kiti chake, wala si chakula chake.

Mzizi huo ni wa namna ya peke yake. Umevikwa ngozi nene iliyo kama sponji. Ngozi hiyo ikikauka hujaa hewa, nao mzizi huonekana mweupe. Ikinyeshewa hufyonza maji mara moja, na rangi ya kijani iliyo ndani ikaonekana. Kisha upepo huukausha tena. Basi desturi ya mzizi huu ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ukiufukia katika udongo utakosa hewa na kuoza, na mmea utakufa upesi. Mtu akilishika neno hili moja amekwisha kujua nusu ya kazi yote.

Aina tatu za kuanzia

Okidi za ulimwengu ni nyingi mno, zapita aina 25,000. Nyingine ni kubwa, lakini leo twasema habari za zile ndogo, ambazo mmea mzima waweza kukaa katika kiganja cha mkono.

Aina ya kwanza wataalamu huiita Polystachya, jina la Kiyunani lenye maana ya masuke mengi. Shina lake hufura chini likawa kama vitunguu vidogo vilivyosongamana, navyo ndivyo ghala yake ya maji. Maua yake ni kama yamepinduliwa: mdomo wa ua, ambao katika okidi nyingi hukaa chini, hapa hukaa juu kama kofia.

Aina ya pili ni Bulbophyllum. Hiyo hutambaa juu ya gome kama kamba, na kila baada ya hatua ndogo huweka kitunguu kimoja chenye jani moja au mawili. Nyingi katika jamii hii zina maua yenye harufu isiyompendeza mtu, lakini nzi huipenda, na nzi ndio wachukuao chavua yake.

Aina ya tatu ni Mystacidium, maana yake sharubu ndogo. Katika hizo iko moja iliyopewa jina la nchi yetu ya zamani, Mystacidium tanganyikense. Majani yake ni mafupi kama kidole, na maua yake ni meupe yenye kijani hafifu. Nyuma ya kila ua kuna mkia mwembamba ulio ghala ya asali. Mmea huu hauna vitunguu, kwa hiyo hauna akiba ya maji, nao huona kiu upesi kuliko zile mbili za kwanza.

Mahali pa kuzipata

Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu. Msitu wa Mlima Rungwe umehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1949, na mwaka 2009 ukafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Uwanda wa Kitulo nao ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Hairuhusiwi kungʼoa mmea katika mahali hapo kwa kuupenda tu. Tena okidi zote zimetajwa katika mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini, yaliyoanza kutumika mwaka 1975, na kwa hiyo kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa.

Lakini hata bila sheria, kupanda mlimani kutafuta okidi kungekuwa kazi bure kwa mtu wa Kisiba. Ziwa Masoko liko mita 840 hivi juu ya bahari, na kilele cha Rungwe chafika karibu mita 2,960. Kwa kila mita 1,000 upandazo, hewa hupoa kadiri ya digrii 6. Basi kati ya ziwa na kilele baridi huzidi kwa digrii 12 hivi. Okidi iliyozoea ukungu wa kileleni ikiletwa chini hunyauka kwa joto, hata ikitunzwa vizuri namna gani.

Mahali pema pa kuzipata ni shambani pako mwenyewe. Upepo huvunja matawi wakati wa masika. Mti wa kivuli huzeeka ukakatwa, na mibuni ya zamani hungʼolewa ili kupanda mingine. Kila mara matawi hukusanywa yakachomwa, na okidi zilizo juu yake huteketea pamoja nayo. Hizo ndizo za kuchukua, kwa maana kuzichukua hakuipunguzi miti kitu, na kuziacha ni kuziua.

Namna ya kuzifunga

Ukipata tawi lenye okidi, usiibandue kwa nguvu. Iliyo bora ni kukata kipande cha tawi lile pamoja na mmea, urefu wa shibiri moja, na kukitundika vilevile kilivyo. Ikiwa gome limeoza, chukua kipande kingine cha mti mgumu wenye gome lenye mikwaruzo. Mti wenye gome laini linalobambuka haufai. Weka kuvumwani kidogo sana chini ya mizizi, kadiri ya kifuniko cha chupa, kisha ufunge mmea kwa uzi wa mgomba. Uzi usikaze hata kukata shina, wala usilegee hata mmea ukatikisika, maana mzizi mpya hauwezi kushika kitu kinachocheza. Uzi wa mgomba una faida hii, kwamba huoza wenyewe, na wakati huo mizizi mipya imekwisha kushika gome.

Kitundike upenuni, upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi lipate kukifikia na la mchana lisikichome. Chini ya mparachichi pia ni mahali pema. Jikoni hapafai kwa sababu ya moshi, na ndani ya chumba giza huizuia kutoa maua. Majani yenyewe yatakuambia. Yakiwa ya kijani cheusi na kulegea, mmea wataka mwanga zaidi. Yakigeuka manjano au mekundu, jua limezidi. Yakiwa ya kijani hafifu na magumu, uache hapo hapo.

Maji na chakula

Rungwe ni miongoni mwa sehemu zipatazo mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Tangu Novemba hata Mei, okidi iliyo mahali pa kunyeshewa haihitaji msaada. Hatari ya miezi hiyo ni maji kutuama, basi kipande kitundikwe wima ili maji yatiririke. Miezi ya Juni hata Agosti ni ya baridi, nayo maji kidogo yatosha. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuangalia sana. Wakati huo nyunyiza kila asubuhi mmea usio na vitunguu, na ulio na vitunguu kila baada ya siku mbili au tatu.

Tumia maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi. Mimina mpaka mizizi yote igeuke kijani, kisha acha. Ikiwa mpaka jioni ingali kijani, punguza maji au sogeza mmea penye upepo. Usinyunyize jioni, kwa sababu maji yakilala katikati ya majani usiku wa baridi huozesha kichipukizi.

Wengi hudhani mbolea nyingi ni wema. Kwa mmea huu ni sumu. Mwaka wa kwanza usiupe mbolea hata kidogo. Baadaye, ukiwa na mbolea ya dukani iyeyukayo katika maji, tumia robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi, nao uwe unachipua. Adui zake wakuu ni konokono na koa, ambao hula ncha za mizizi usiku. Waondoe kwa mkono. Wadudu wa magamba wapanguse kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni, kisha suuza.

Kuzidisha mimea, na kwa nini ni vigumu

Aina zenye vitunguu huzidishwa kwa kugawanywa. Kishada kikiwa kikubwa, kata kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni na kupoa, kila fungu likiwa na vitunguu vitatu au vinne. Fanya hivyo mara uonapo mizizi mipya yaanza kutoka.

Mbegu ni habari nyingine. Tunda moja la okidi huwa na mbegu maelfu kwa maelfu, laini kama vumbi. Lakini mbegu hizo hazina chakula ndani yake kama mahindi au maharagwe. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua ya kuwa mbegu ya okidi haioti mpaka imekutana na kuvu fulani, ambayo huipa chakula. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha njia ya kuziotesha katika chupa safi zenye sukari na chumvichumvi, na tangu hapo wakulima wa maua waliweza kupata miche kwa wingi. Porini hakuna chupa. Mbegu lazima iangukie penye kuvu yake, na kabla ya hapo ua lazima lipate mdudu wake. Mwaka 1862 Charles Darwin wa Uingereza alitazama okidi ya Madagaska yenye mkia wa asali upitao shibiri moja, akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufikia asali hiyo. Darwin alikufa mwaka 1882, na nondo mwenyewe akaelezwa na wataalamu mwaka 1903. Kwetu pia okidi nyingi nyeupe hunukia usiku, kwa kuwa huwangoja nondo. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili kwa kunusa ua mchana, na kulinusa tena baada ya jua kutua.

Haya yaonyesha kwa nini okidi ikipotea mahali hairudi upesi. Mfano wake tumeuona katika okidi za ardhini. Hizo zina viazi chini, navyo huchimbwa, husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda, kipendwacho sana Zambia. Mwaka 2003 wachunguzi Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria ya kuwa hadi viazi milioni 4 na zaidi vilikuwa vikitoka katika nyanda za juu za kusini kila mwaka kwenda huko. Anayechimba kiazi huondoa mmea wote, na mbegu haziwezi kuijaza nafasi hiyo kwa mwendo ule wa wachimbaji. Okidi za mitini hazina viazi vya kuliwa, lakini kila mti wa kale uangukapo shambani nazo hupoteza makao yao.

Basi ninyi wenye mashamba, na ninyi wanafunzi, siku ya kuangusha mti pitieni matawi kwanza kabla ya kuwasha moto. Mkipata okidi kumi, tundikeni mbili nyumbani, na nane zifungeni kwa uzi wa mgomba juu ya miti mingine iliyo hai papo hapo shambani, upande wenye kivuli. Zifungeni mwanzo wa mvua, zipate miezi mingi ya kushika gome kabla ya kiangazi. Zile mbili zitawafundisha tabia ya mmea na kuwapa maua. Zile nane zitakaa karibu na nondo wao na kuvu yao, na huenda katika vumbi la mbegu zake moja ikaota.