Machungwa ya Mtangata na Dawa ya Uzee

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu ya Kireno iitwayo São Rafael, mojawapo ya zile alizokuja nazo Vasco da Gama, ilipanda fungu mkabala wa Mtangata, kusini ya mahali ulipo mji wa Tanga. Na katika habari za safari ile, zilizoandikwa na mmoja wa waliokuwamo, imetajwa kwamba wangali wamekwama walijiwa na mitumbwi miwili, mmoja wao umesheheni machungwa ambayo Mreno huyo aliyakiri kuwa bora kuliko ya kwao. Walipofika Mombasa mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, na machungwa na malimau kwa wingi, na miwa. Wagonjwa wao wakapata siha, na mwandishi akamshukuru Mungu na kuisifu hewa ya Mombasa, asijue kuwa matunda nayo yalistahiki sehemu yao ya sifa. Mwaka uliofuata, wakirejea kutoka Bara Hindi baada ya kukaa baharini karibu miezi mitatu, watu 30 walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi ya fizi kuvimba. Wakatafuta machungwa Malindi kwa ajili ya wagonjwa, na walipofika tena penye fungu lile la Mtangata wakaitia moto São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha merikebu zote.

Maradhi yale ni kiseyeye, na sababu yake ni upungufu wa vitamini C, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuiunda wenyewe, na ambayo ikikosekana nyuzi za kolajeni zinazoshikamanisha ngozi, fizi na mishipa ya damu hazisukiki sawasawa. Tabibu wa Kiskoti, James Lind, aliyajaribu machungwa na malimau kwa mabaharia wagonjwa mwaka 1747. Na Mhangaria Albert Szent-Györgyi, aliyekuja kuitenga vitamini yenyewe, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Hilo limekwisha kuthibiti, wala halina mjadala.

Leo malori yenye machungwa ya Muheza hupita Horohoro kuelekea Lungalunga na Mombasa, na hapana tena anayeyanunua kwa kuogopa kiseyeye. Walakini imezuka kauli nyingine kubwa zaidi, inayonadiwa sokoni na ndani ya mabasi na wachuuzi wa vidonge na unga wa kila namna, ya kwamba katika matunda na viungo mna kitu kiitwacho antioksidanti chenye kuurudisha ujana. Kauli hiyo imechanganya haki na batili, na yafaa tuzitenge.

Hewa ya oksijeni, ambayo hatuishi dakika chache bila ya kuivuta, ndiyo hiyo hiyo inayoila misumari ya jahazi hata ikawa kutu. Na ndani ya miili yetu, seli zinapokiunguza chakula ili zipate nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa radikali huru, yaani chembe zilizopungukiwa na elektroni, ambazo kwa pupa ya kujikamilisha huzinyang'anya chembe jirani, zikayaharibu mafuta ya kuta za seli, protini, na hata chembe za urithi. Moshi wa sigara, jua kali na moshi wa kuni huzizidisha. Antioksidanti ni dutu yoyote inayoweza kutoa elektroni yake bila ya yenyewe kugeuka mharibifu, na hivyo kuukata mfululizo wa unyang'anyi huo. Vitamini C na E ni za kundi hili, kadhalika rangi ya manjano ya embe na boga, wekundu wa nyanya na tikiti, na ule ukakasi wa chai na zambarau. Lakini wasomaji wengi hawaambiwi ya kwamba mlinzi mkubwa hatoki nje: mwili una vimeng'enya vyake wenyewe, na kimojawapo kilibainishwa mwaka 1969 na wataalamu wawili wa Marekani, McCord na Fridovich, navyo huhitaji kutoka katika chakula chembechembe tu za zinki, shaba, manganizi na seleniamu, ambazo samaki, kunde na korosho zinazo.

Aliyeyafungamanisha haya na uzee ni tabibu wa Kimarekani Denham Harman, aliyetangaza mwaka 1956 dhana ya kwamba kuzeeka ni mrundikano wa madhara ya radikali huru. Dhana ilikuwa nzuri, tena nyepesi kufahamika (na mwenyewe aliishi hata miaka 98, jambo ambalo si ithibati ya chochote, ingawa wachuuzi wangependa liwe); na ikiwa ni kweli, watu walisema, basi tuwape watu antioksidanti kwa wingi, nao watachelewa kuzeeka. Wakajaribu. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutao sigara waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya betakarotini, ndiyo rangi ile ya manjano ya embe na boga, na matokeo yalipotangazwa mwaka 1994 ilionekana kwamba waliovimeza walipatwa na saratani ya mapafu zaidi, kwa kadiri ya asilimia 18, kuliko wasiovimeza. Na jaribio la Marekani lililofanana nalo likakatizwa mwaka 1996 kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2012 wachunguzi walikusanya majaribio 78, yenye watu karibu 297,000, wasione kwamba vidonge vya antioksidanti vinarefusha umri. Bali betakarotini na vitamini E zilielekea kuongeza vifo.

Kwa nini chakula kinufaishe na kidonge kidhuru? Sehemu ya jawabu ni kwamba radikali huru si adui tu: seli nyeupe za damu huzitumia kuulia vijidudu, na misuli inayofanya kazi huzitoa ziwe ishara ya kuuamuru mwili ujiimarishe, hata ikaonekana katika uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kutangazwa mwaka 2009 kwamba vijana waliofanya mazoezi huku wakimeza vitamini C na E nyingi walikosa baadhi ya manufaa ya mazoezi yale. Tena aulaye mchicha hapati dutu moja, hupata mamia, pamoja na nyuzinyuzi na potasiamu, na tumbo lake hujaa kitu ambacho si andazi. Shirika la Afya Duniani limeusia mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku, kwa kuwa walao hivyo aghalabu huugua kwa uchache maradhi ya moyo na kiharusi. Na mtu asiyepooza akiwa na miaka 60, kwa maoni yangu, amepewa ujana wa kutosha.

Hata mashindano ya nani ana antioksidanti nyingi ni ya kuangaliwa kwa hadhari. Katika orodha ya vyakula 100 iliyotangazwa mwaka 2010, karafuu ndiyo iliyotangulia yote kwa polifenoli, yaani antioksidanti za jamii ya ule ukakasi wa chai, takriban gramu 15 katika kila gramu 100, na watu wa Pemba na wa Amani wana haki ya kufurahi. Lakini ni nani alaye gramu 100 za karafuu? Katika sufuria ya pilau huingia punje kadhaa. Idara ya kilimo ya Marekani, iliyokuwa ikichapisha jedwali la namna hiyo, iliiondoa mwaka 2012, kwa kuwa nguvu inayopimwa ndani ya chupa haionyeshi litendekalo mwilini.

Penye utajiri wa kweli ni katika chungu cha mboga. Mpishi wa Mkinga au wa Duga, atiaye tui la nazi katika kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa barabara, au katika matembele, hutenda jambo ambalo maabara imelithibitisha, kwa kuwa rangi zile za karotini haziyeyuki katika maji, na pasipo mafuta nyingi hupita tumboni bure. Na nyanya iliyokaangwa huutoa wekundu wake kwa wepesi kuliko ile mbichi. Vitamini C ni kinyume chake: moto na maji huipoteza, na achemshaye mchunga kisha akayamwaga maji ili kuupunguza uchungu, apate kuulia bada, huimwaga pamoja nayo. Mboga hiyo yafaa ifuatiwe na tunda. Ubuyu mkavu umeihifadhi vitamini hiyo kwa kiasi ambacho aghalabu hushinda cha chungwa, uzani kwa uzani; ila ule uliopikwa kwa sukari na kutiwa rangi nyekundu ni peremende, uhesabiwe hivyo. Na chungwa lenyewe ni bora litafunwe kuliko kukamuliwa, maana nyama yake na ule weupe wa chini ya ganda vina nyuzinyuzi na polifenoli ambazo chujio huziacha.

Chai ya Usambara nayo ina polifenoli tele, lakini ukakasi wake hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, yasipenye mwilini; kwa hiyo mama mja mzito, na mtoto aliyepungukiwa na damu, chai yao isinywewe pamoja na chakula bali saa moja au zaidi baadaye, na penye kikombe hicho liwekwe pera au papai, ambalo vitamini C yake huyasaidia madini hayo kupita.