Meza ya Seremala na Haki ya Mayatima



Tulisafiri hadi Nairobi kuhudhuria hitima ya seremala mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akiishi Makina. Mahali hapo ni katika Kibera, mtaa ambao asili yake ni makazi ya askari wa Kinubi na jamaa zao Waislamu, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Marehemu aliacha mjane, mwana wa kiume wa miaka 19 na mabinti wawili wadogo. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki. Urithi wake ulikuwa vyombo vya kazi tu, navyo vilikaa ndani ya gunia.

Kila asubuhi alikuwa akilitia gunia hilo begani, akipita soko la Toi, akishika Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha Barabara ya Naivasha mpaka kibandani kwake Kawangware. Jioni alilirejesha nyumbani, kwa kuwa kibanda hakikuwa na mlango. Ndani ya gunia patasi hugongana na randa, na makali hufa. Na lililo baya zaidi ni kuwa hapana aliyejua kwa yakini mna nini humo.

Baada ya hitima tuliketi na wafiwa, gunia likafunguliwa. Tulikuta nyundo mbili, msumeno, patasi chache na misumari yenye kutu. Kijana akasema palikuwa na randa mbili, keekee na jiliwa la chuma. Randa moja ilisemekana kuwa kwa jirani. Vilivyosalia ami yake alivichukua "kuvihifadhi", akidhani kwamba ndugu wa marehemu ana fungu. Mjane alikuwa ameinamisha kichwa. Haya ilimzuia kudai. Tukamwambia, "Mama, haya ni katika imani, lakini hapa si pahali pake. Mali hii si yako peke yako kuinyamazia. Ndani yake mna haki ya mayatima."

Tukawaeleza hukumu. Kwanza hulipwa madeni, kisha hutolewa wasia, kisha warithi hugawana. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwana wa kiume apate mafungu mawili na kila binti fungu moja. Ndugu wa marehemu hapati kitu maadamu yupo mwana wa kiume. Ami alisikiliza kwa utulivu, na kesho yake kabla ya Isha alivirejesha vyote. Jirani alisema randa aliirudisha zamani. Hapakuwa na shahidi wala maandishi. Tukamwachia Mola wake.

Mafundi wawili walivithamini vyombo kwa shilingi 32,000, na marehemu hakuwa na deni wala wasia. Basi mama alistahiki 4,000, kijana 14,000 na kila binti 7,000. Mama alimsamehe mwanawe fungu lake kwa hiari. Mafungu ya mabinti hana ruhusa kuyasamehe, kwani wao ni wadogo. Kijana akavichukua vyombo na kukubali kuwalipa dada zake kidogo kidogo, na deni hilo likaandikwa mbele ya mashahidi, kama tulivyofundishwa katika Suratul Baqara.

Hapo ndipo lilipokuja shauri la meza. Tulikaa siku tatu zaidi tukimsaidia kuiunda, kwa mbao za saiprasi. Urefu wake ni futi 5 na upana futi 2. Kimo chake kilipimwa kwa mwenyewe: alisimama wima, akateremsha mikono, na uso wa meza ukawekwa usawa wa kifundo cha mkono, asije akaumia mgongo apigapo randa. Uso ni wa mbao nene za inchi 2, na miguu ni ya inchi 4 kwa 4. Jiliwa lilifungwa upande wa kushoto, kwa kuwa yeye hutumia mkono wa kulia.

Miguu imeshikanishwa kwa boliti badala ya misumari. Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara. Mwenye kuishi katika hali hiyo yampasa awe na meza inayofunguka na kubebeka upesi.

Chini ya uso mna saraka mbili, na chini yake kabati yenye bawaba na kufuli. Sakafu ya kabati imeinuliwa inchi 6 kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiingie. Uzito wa vyombo huituliza meza isitikisike. Ndani ya mlango patasi zimepangwa kwa upana, kila moja katika tundu lake, na nyuma ya kila chombo imechorwa sura yake kwa rangi nyeusi. Penye sura tupu pana chombo kilichotoka, na daftari ndani ya saraka husema kiko kwa nani. Usiku meza hufungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Funguo ni mbili, na mmoja uko kwa mama.

Ndugu zetu, useremala ni kazi ya heshima. Imepokewa kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala, na Nabii Nuhu aliunda safina kwa amri ya Mola wake. Basi tusiuache urithi wa mafundi wetu ndani ya magunia. Nanyi akina mama, vijueni vyombo vya waume zenu wangali hai, na cherehani na masufuria yenu pia: ni vingapi, na kilichoazimwa kiko kwa nani. Kuuliza hivyo si tamaa, ni kuilinda amana.

Tulipoagana, kijana alikuwa ameandika malipo ya kwanza ya dada zake: shilingi 500. Mwenyezi Mungu ambariki katika kazi ya mikono yake. Amin.